Mlinzi wa Geti Atoke Mwenyewe: Kufufua Ishara Kongwe za Treni za Lionel

Kwenye minada na masoko ya vitu kuukuu hapa Pennsylvania, Marekani, hakukosekani boksi lililojaa ishara za treni za kuchezea: nguzo yenye taa mbili, geti la kivuko, kibanda cha mlinzi, mnara wa taa. Juu yake pamebandikwa karatasi kwamba havifanyi kazi. Boksi hilo ndilo ninaloliendea kwanza. Kifaa cha aina hii kina koili moja (waya mwembamba uliozungushwa, unaovuta chuma ukipata umeme), balbu moja au mbili, na waya chache. Hakuna kilichofichika ndani. Kikigoma, mara nyingi mafuta ya zamani yameganda yakawa gundi, au kutu imeziba njia ya umeme, au mwenyewe alikiunganisha kinyume tangu siku ya kwanza na hakuwahi kukiona kikifanya kazi.

Ninachotaka kukueleza ni namna ya kukifufua bila kukiharibu, kisha namna ya kukifunga ili treni yenyewe ndiyo ikiendeshe. Hilo la pili ndilo utamu wa jambo zima. Ishara ya kubonyeza kwa kidole ni taa tu ya mezani. Lakini treni ikikaribia kivuko, mlango wa kibanda ukafunguka na mlinzi akachomoza na taa yake mkononi bila wewe kugusa chochote, hapo utaelewa kwa nini watu wazima hawaviachi vitu hivi.

Nazungumzia Lionel, kampuni aliyoianzisha Joshua Lionel Cowen mjini New York mwaka 1900, na hasa vifaa vilivyotoka kati ya 1945 na 1969. Vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia navipenda pia, ila vina matatizo yake na nitayagusa.

Kwanza umeme

Reli ya Lionel ina vyuma vitatu. Umeme huingia kwa chuma cha katikati, na hurudi kwa vile viwili vya pembeni. Katikati ya chuma cha pembeni na mwenzake ni kama milimita 32, kipimo kinachoitwa O. Vyuma viwili vya pembeni vimeunganishwa na mataruma ya bati, kwa hiyo kwa umeme ni kitu kimoja. Cha katikati kimekaa juu ya vipande vya faiba, kitu kama karatasi ngumu isiyopitisha umeme, ili kisigusane na mataruma. Shika hilo vizuri, kwa sababu ujanja wote wa baadaye umetokea hapo.

Umeme wenyewe ni mkondo geu (AC), volti chache tu, kutoka kwenye transfoma. Kubwa iliyopendwa kuliko zote ni ZW, iliyotoka mwaka 1948. Ina mikono miwili, A na D, ya kuendesha treni mbili, na vifundo viwili vidogo, B na C, vya vifaa vya pembeni. Skrubu zilizoandikwa U ndizo za kurudishia umeme, nazo zote ni moja. Huhitaji ZW ili uanze. Transfoma ndogo yenye njia mbili inatosha kwa ishara tatu au nne.

Kabla ya kuchomeka transfoma yoyote ya umri huo ukutani, ishike waya yake uikunje taratibu kuanzia kwenye plagi hadi inapoingia kwenye boksi. Mpira ukipasuka au ukimeguka, waya hiyo ibadilishwe kwanza. Hapo sina mjadala na mtu. Volti chache za upande wa reli hazitakuua, lakini upande wa ukutani ni mwingine, na transfoma hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa wakati ambao mpira wake ulikuwa mpya.

Unapochagua

Kwa anayeanza napendekeza namba 145, kibanda cha mlinzi, kilichotengenezwa kuanzia 1950 hadi 1966. Kilitoka kwa wingi, kwa hiyo kipo kila mahali na vipuri vyake vinapatikana. Kibanda ni cheupe, paa jekundu, kitako cha bati la kijani. Mtangulizi wake, namba 45, alianza mwaka 1935. Naye ni mzuri, ila ni wa bati zaidi na kutu humpenda.

Vingine vya kuanzia ni 151, ishara ya mkono unaobadili mkao treni ikipita. 252, geti la kivuko. 153, nguzo ya taa nyekundu na kijani. Na 154, alama ya msalaba ya kivuko yenye taa mbili nyekundu zinazopokezana. Mimi nilikulia Tabora, pale reli ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana, na 151 ndiyo iliyonivuta, kwa kuwa sisi ishara ya mkono tuliijua kwa macho kabla ya kujua kusoma.

Ukikiinua kifaa mezani kwa muuzaji, angalia yale ambayo huwezi kuyarudisha. Rangi ya kiwandani ni moja. Ikishatoka, ukipaka upya umefuta nusu ya thamani, na kwa macho yangu umefuta zaidi ya nusu. Plastiki iliyolegea juu ya balbu, hasa dari la kibanda, ni dalili kwamba mtu aliweka balbu yenye nguvu kupita kiasi. Kwa vya miaka ya 1920 na 1930 chunguza sehemu za zinki iliyomiminwa: ukiona nyufa nyembamba zinazotambaa na chuma kimevimba, zinki hiyo ilichanganyika na uchafu tangu kiwandani na inajila yenyewe. Haina dawa. Iache hapohapo.

Mnara wa taa namba 394, wa 1949 hadi 1953, una jambo lake. Kichwa chake huzunguka kwa hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye balbu, na kinakaa kwenye ncha inayoingia katika kishimo kidogo kilichopo juu ya balbu yenyewe. Balbu ya kawaida haina kishimo hicho. Kwa hiyo uliza kama balbu ya asili ipo, na ukiinunua ifunge kwa pamba wakati wa kusafiri.

Kutu ndogo, vumbi, waya zilizokatika, mlango uliokwama: hayo yasikutishe. Yapunguzie bei.

Jaribio la kwanza

Usianze kufungua. Chukua waya mbili kutoka kwenye transfoma, weka volti 10, na uguse vibanio vya kufungia waya vilivyo chini au pembeni mwa kifaa. Namba 145 ina vibanio vitatu. Jaribu jozi mbalimbali: jozi moja itawasha balbu, nyingine itaivuta koili. Kibanio kinachoonekana katika jozi zote mbili ndicho cha pamoja. Kiandike alama kwa penseli. Hata kama umeona michoro kwenye karatasi ya zamani, jaribio hili ni la uhakika zaidi, maana huenda mtu ameshabadilisha waya za ndani.

Gusa kwa sekunde moja au mbili, kisha achia. Koili hizi hazikutengenezwa zikae na umeme muda mrefu. Zikishikiliwa hupata joto, na joto huunguza vanishi inayotenganisha nyuzi zake. Mlio wa kunguruma ni wa kawaida, ni mkondo geu huo. Ukisikia mlio lakini mlinzi hatoki, furahi: koili ni nzima, na shida yako ni uchafu tu. Kimya kabisa maana yake njia imekatika mahali. Hapo chukua mita ya umeme, pima kuanzia kwenye kibanio kwenda kwenye koili. Mara nyingi utakuta waya umeachia palipolehemiwa, au chini ya kibanio kuna kutu. Koili yenyewe kuungua si jambo la kila siku.

Kusafisha mlinzi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu huharibu.

Geuza kibanda, utazame kwanza kilivyofungwa. Penye skrubu tumia bisibisi inayoingia sawasawa, si ndogo zaidi, kwa sababu kichwa cha skrubu kikichubuka kitaonekana milele. Penye vishikizo vya bati vilivyokunjwa, vinyooshe kidogo tu, kiasi cha kupita. Kishikizo cha bati huvumilia kunjuliwa na kukunjwa mara chache, kisha hukatika. Piga picha kwa simu kila hatua.

Ndani utakuta koili, na ndani ya koili kipande cha chuma kinachovutwa umeme unapoingia. Kipande hicho kimeunganishwa na mkono unaofungua mlango na kumsukuma mlinzi nje. Umeme ukikatika, vyote hurudi mahali pake. Kipande hicho lazima kiteleze chenyewe. Ukikiinamisha kifaa upande huu na huu, ukisikie kikienda na kurudi bila kusita.

Kikisita, sababu ni mafuta. Mtu wa zamani aliona kinakwama akatia tone la mafuta ya cherehani. Kikafanya kazi mwezi mmoja, kisha mafuta yakashika vumbi yakawa lami. Akatia tena. Ndiyo maana nasema: ndani ya koili hakutiwi mafuta, kamwe. Chukua spiriti, lowesha kijiti cha pamba, sugua kipande cha chuma hadi pamba itoke safi, kisha pitisha pamba nyingine ndani ya tundu la koili. Acha pakauke kabisa. Chuma kikiwa na kutu, kipitishe kwenye msasa laini sana mpaka king'ae, ufute. Ukitaka kitu cha kutelezesha, saga ncha ya penseli ya kawaida, paka unga wake mweusi kidogo. Unga huo haushiki vumbi.

Bawaba za mlango ni suala jingine: hapo tone dogo mno la mafuta mepesi kwa ncha ya sindano linakubalika.

Kwa nje, spiriti isiguse kabisa rangi wala maandishi. Tumia maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, kitambaa laini kilichokamuliwa, na uvumilivu. Futa kwa eneo dogo dogo, kausha mara moja. Maji yasiingie kwenye koili. Maandishi yaliyobandikwa usiyasugue, yapitie kwa kugusa tu.

Reli nazo zinahitaji usafi, na hapa nina onyo moja: usitumie pamba ya chuma. Nyuzi zake humeguka, zinavutwa na sumaku ya injini, na zinaingia kwenye mota. Kifutio kigumu cha penseli kinaondoa weusi wa kawaida vizuri kabisa.

Balbu

Balbu nyingi za vifaa hivi ni za kusukuma na kuzungusha, za volti 14 hivi. Namba 53 ni ya volti 14.4 na haili umeme mwingi, kwa hiyo haitoi joto kubwa. Ndiyo ninayoweka kwenye vibanda vya plastiki. Ukiona balbu kubwa zaidi imewekwa na mtu, itoe hata kama inawaka.

Watu huniuliza kuhusu LED. Kwenye nguzo ya 153 au kwenye kibanda, ziwekeni mkitaka, ilimradi ziwe za mkondo geu. Lakini kuna vifaa ambavyo joto la balbu ndilo injini yake. Mnara 394 nimeshautaja: ukiweka LED, kichwa hakizunguki. Mwingine ni mnara wa kisima cha mafuta, namba 455, wa 1950 hadi 1954. Katikati yake kuna mrija wa kioo wenye viputo vinavyopanda, na viputo hivyo hutoka kwa sababu balbu iliyo chini inachemsha kimiminika chenye joto dogo la kuchemkia. Bila joto, hakuna kiputo. Na mrija huo ushike kwa heshima: ndani mna kloridi ya methileni, ambayo mvuke wake ni sumu. Ukivunjika, fungua madirisha, watoe watoto chumbani, usiuguse kwa mikono mitupu.

Treni iiwashe ishara

Lionel waliuza vifaa hivi pamoja na swichi ya kubanwa, 145C, inayowekwa chini ya reli. Uzito wa treni unaibonyeza reli, reli inaibonyeza swichi, umeme unapita. Ina gurudumu dogo la kurekebishia. Ni ubunifu mzuri kwa mtoto anayetandika reli zuliani Krismasi na kuzikusanya jioni. Kwa meza ya kudumu siipendi. Reli lazima ibaki huru ili icheze, huwezi kuifunga kwa skrubu. Treni nyepesi haiibonyezi vya kutosha. Ukishairekebisha kwa injini nzito, mabehewa matupu yanapita bila mlinzi kuamka.

Njia ninayoiamini ni reli iliyotengwa. Chukua chuma kimoja cha pembeni, ukitenge kiumeme na mataruma na majirani zake wa mbele na nyuma. Kimekaa hapo, hakina umeme wa kurudi. Treni inapofika, magurudumu na ekseli za chuma zinakiunganisha na chuma cha upande wa pili. Njia imekamilika, koili inavuta, mlinzi anatoka. Behewa la mwisho likipita, njia inakatika na anarudi ndani. Hakuna kinachosogea, hakuna cha kurekebisha, na uzito wa treni hauna kazi hapo.

Kipande cha reli iliyonyooka ya O kina urefu wa inchi 10, yaani kama sentimita 25, na mataruma matatu. Kipindue. Kila taruma limeshika chuma kwa vishikizo vya bati. Kwa bisibisi bapa vifungue vile vinavyoshika chuma kimoja cha pembeni, ukichomoe. Tazama chuma cha katikati kilivyowekewa faiba; nawe fanya hivyo kwa cha pembeni. Faiba unaweza kuzitoa kwenye kipande kibovu cha reli, na ndiyo sababu situpi reli zilizopinda. Rudisha chuma, kunja vishikizo taratibu vibane bila kutoboa faiba. Kisha kwenye ncha za chuma hicho toa pini za chuma, weka za faiba au plastiki.

Sasa mita. Gusa chuma ulichotenga kwa upande mmoja na chuma cha pembeni cha pili kwa upande wa pili. Isionyeshe muunganiko wowote. Ikionyesha, kuna kishikizo kimetoboa faiba. Kitafute sasa, usisubiri reli ziwe zimefungwa mezani.

Kipande kimoja ni kifupi mno. Treni ikiwa na nafasi kubwa kati ya seti za magurudumu, mlinzi atakuwa anatoka na kuingia kwa fujo. Mimi natenga vipande vitatu vinavyofuatana, au vinne kama barabara ya kivuko iko katikati. Katikati ya vipande hivyo pini zinabaki za chuma, ili viwe kimoja. Pini za faiba zinakaa kwenye ncha mbili za mwisho tu. Weka sehemu hiyo ianze kabla ya barabara, upande treni inakotokea.

Kufunga waya ni hivi. Kibanio cha pamoja cha kibanda kinakwenda kwenye B ya transfoma. Kibanio cha balbu kinakwenda U, ili kibanda kiwe na mwanga muda wote. Kibanio cha koili kinakwenda kwenye chuma ulichokitenga. Waya wa shaba wa nyuzi nyingi, geji 18 au 20, unatosha. Usichukue umeme wa kifaa kutoka kwenye chuma cha katikati cha reli: treni ikipunguza mwendo volti zinashuka, na mlinzi anachungulia mlangoni bila kutoka. Ndiyo kazi ya B: anza na volti 10, panda polepole, acha palepale anapotoka kwa uhakika bila kujigonga. Kwa kawaida haizidi 14.

Mambo mawili ya kuangalia baada ya hapo. Mabehewa yenye magurudumu ya plastiki hayaunganishi kitu, kwa hiyo mlinzi atarudi ndani huku mkia wa treni bado uko barabarani. Tafuta magurudumu ya chuma. Na usiegeshe treni juu ya sehemu iliyotengwa, maana koili itakaa na umeme hadi ipate moto.

Namba 153 na 154

Reli iliyotengwa inawasha taa moja. Nguzo ya 153 inataka zaidi: kijani ziwake wakati njia ni tupu, zizime nyekundu ziwake treni ikiingia. Swichi yake ya asili, 153C, ilikuwa na miguso miwili kwa ajili hiyo. Kama umeshatenga reli, ongeza rilei (swichi inayovutwa na koili yake) ndogo ya volti 12 ya mkondo geu. Koili ya rilei ifungwe kama ulivyofunga ya mlinzi, mguso wa kawaida, unaoungana koili ikiwa haina umeme, uende kwenye taa ya kijani, mguso wa pili kwenye nyekundu.

154 ina kibanio chake cha reli, 154C, nacho nakipenda kilivyo. Kinakaa juu ya chuma cha pembeni, kina vibati viwili vyembamba vilivyotengwa na chuma hicho. Gurudumu likikanyaga cha kwanza, taa moja inawaka. Likikanyaga cha pili, nyingine. Mpokezano wa taa unafuata mwendo wa treni yenyewe. Vibati vikiwa vyeusi kwa cheche, vifute kwa spiriti, na kama karatasi ya kutengea imechakaa, kata nyingine ya ukubwa uleule.

Transfoma mbili, na umeme wa nyumbani

Ukiwa na transfoma mbili, lazima mawimbi yake yaende pamoja. Unganisha U ya hii na U ya ile. Weka zote mbili kwenye volti zinazolingana, kisha pima kati ya A ya kwanza na A ya pili. Mita ikisoma karibu na sifuri, sawa. Ikisoma mara mbili ya volti ulizoweka, chomoa moja, geuza plagi yake ukutani, upime tena. Zikishapatana, zitie alama plagi na soketi kwa rangi.

Kwa ndugu wanaofungia makontena kwenda Dar es Salaam au Mombasa: transfoma za Marekani ni za volti 110 hadi 120. Ukizichomeka kwenye 230 au 240 umezichoma. Nunua transfoma ya kushusha yenye chuma na shaba, nzito, yenye wati za kutosha. Kile kibadilishaji chepesi cha kielektroniki cha wasafiri hakifai. Na kwa kuwa umeme wa kwetu ni hezi 50 badala ya 60, transfoma ya treni itapata joto zaidi ya ilivyokuwa Marekani. Usiiendeshe kwa nguvu yake yote. Ishike kwa mkono kila baada ya nusu saa, na ikiwa huwezi kuuacha mkono juu yake, izime ipumzike.